Alama Elfu Nane ni Kawaida

Saa sita mchana, ghorofa ya pili ya jengo la kompyuta huwa haipitiki. Kila kibanda kina muziki wake, kila muuzaji ana bei yake ya mwisho ambayo si ya mwisho, na katikati ya ujia kuna watu wamesimama tu kama waliokodishwa kuziba njia. Ndani ya msongamano huo akaingia msichana aliyevaa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, nywele kazifunga kwa kitambaa, kakumbatia kasha la kompyuta kifuani hata haoni mbele. Naye kijana mmoja akawa anatoka kibandani kwake na kikombe cha chai. Wakagongana. Chai yote ikaishia kwenye shati la kijana.

"Jamani! Samahani, kaka! Nimekuunguza?"

"Kompyuta imelowa?" aliuliza kijana, akaanza kulifuta kasha kwa mkono wa shati lilelile.

"Shati lako linatoa moshi, wewe unaulizia kompyuta?"

"Shati halina feni."

Msichana akacheka, cheko la mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa na sababu ya kucheka. Akalitua kasha juu ya meza ya kijana bila kukaribishwa.

Kijana huyo pale ghorofani walimwita Daktari, kwa sababu hakufungua mashine yoyote kabla ya kuitegea sikio. Alikuwa mwembamba, sauti yake ya chini, mtu ambaye hata akiporwa mteja mbele ya macho yake haongezi sauti. Msichana alikuwa mchoraji wa katuni za kompyuta. Alichora chupa za sabuni zinazocheza na miswaki inayoongea, za matangazo, na aliichukia miswaki hiyo kwa moyo wake wote. Baadaye Daktari alimbandika jina la Katuni, nasi tumwite hivyohivyo.

"Nimenunua kadi ya grafiki kwa mtu, iliyotumika," alisema. "Nimeipima kwa ile programu ya kupimia, imenipa alama elfu saba na mia tisa. Mtandaoni wenye kadi kama yangu wanapata elfu kumi na zaidi. Niambie ukweli, nimepigwa?"

"Hao wa mtandaoni ni akina nani?"

"Watu."

"Watu waliopata alama nzuri. Aliyepata mbaya haendi kujitangaza. Tena wengine wameisukuma kadi kupita kiasi chake, chumba kina kiyoyozi, kasha wameliacha wazi. Ukijilinganisha na hao utalia bure."

"Kwa hiyo yangu ni kawaida?"

"Sijasema hivyo. Kaa."

Akaipima. Akaipima tena na tena, kwa maana mara ya kwanza kadi huwa haijapata moto na alama zake hudanganya. Kila aliporudia, joto lilipanda na alama zikashuka. Akafungua kasha. Ile dawa ya kupoza joto ilikuwa imekauka ikawa unga, na penye nafasi za vijiti viwili vya ramu, ile kumbukumbu ya kompyuta, kulikuwa na kimoja. Akasafisha, akapaka dawa mpya, akaongeza kijiti, akaweka draiva mpya, ile programu inayoiongoza kadi. Alama zikasoma elfu tisa na mia saba.

"Hii sasa ndiyo kawaida. Kadi yako nzima."

"Nitajuaje husemi hivyo ili niondoke?"

Daktari akaigeuza skrini ikamtazama Katuni. "Sitaki uniamini. Joto hili hapa, kasi hii hapa, alama hizi hapa. Soma mwenyewe."

Katuni akasoma, huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Maisha yake yote wanaume walimwambia "wewe niachie mimi." Huyu alimgeuzia skrini. Akampenda hapo hapo, na shati lake la chai. Nami nakuambia mapema, hawa wawili hawataoana. Usije ukanilaumu huko mbele kwamba nilikupa matumaini nikakunyang'anya.

Simu zikaanza.

"Haloo, Daktari? Mbona huulizii hali ya mgonjwa wako?"

"Mgonjwa yupi? Wa chuma au wa nyama?"

"Wa chuma mzima. Wa nyama ana njaa."

"Basi shuka, niko chini ya jengo lenu."

"Muongo wewe!"

"Fungua dirisha."

Akafungua, akamwona kasimama barabarani na shati jipya la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akapiga kelele ya furaha hata dada yake mkubwa akajichoma sindano. Dada alikuwa mshonaji. Wawili hao walipanga vyumba viwili na jiko dogo, kimoja cha cherehani, kingine cha kompyuta, na vitanda vilibanwa mahali palipobaki.

"Huyu shemeji haongei?" dada aliuliza baada ya ziara ya kwanza.

"Anaongea na feni."

"Siku moja utataka aongee na wewe."

Jioni moja, wamekaa kwenye ngazi za jengo na soda zao, Katuni akamsimulia habari ya mchumba wake wa zamani. "Alininunulia kila kitu, huyo. Tulipoachana akaja na gari kuvichukua. Friji alilibeba na maziwa yangu ndani."

Daktari akacheka. Katuni hakucheka.

"Ndiyo maana nakwambia, usininunulie kitu. Sitaki kitu cha mwanamume ndani ya chumba changu. Nikishindwa, nishindwe na changu."

"Sawa, kipenzi."

"Niahidi."

"Nimekuahidi."

Kulikuwa na studio moja iliyotangaza kutafuta wachoraji wa kudumu, watu wa kutengeneza filamu za kweli za watoto. Kila mwombaji alitakiwa kupeleka filamu fupi aliyoitengeneza mwenyewe. Katuni alilisoma tangazo lile mpaka akalikariri. Hiyo ndiyo ingekuwa njia yake ya kuachana na miswaki.

"Ukichaguliwa," Daktari alisema, akikwangua lebo ya chupa yake, "nije kwa dada yako rasmi?"

"Na nisipochaguliwa?"

"Nije pia."

"Hapana. Uje nikichaguliwa. Nataka unioe nikiwa mtu."

Daktari alimwona mtu tayari, tena mtu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Hakusema. Kosa lake la kwanza lilikuwa hilo, na lilipita kimyakimya kama yatakavyopita mengine.

Filamu yenyewe ilikuwa ya bibi kizee anayesubiri kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha, mikononi ana mwavuli wa mtoto ambaye amekwisha kuwa mtu mzima na hatarudi. Katuni alitaka kila tone la mvua lionyeshe taa za barabarani ndani yake. Kazi ya namna hiyo ikikamilika kuchorwa hurendwa, yaani kompyuta huachiwa itengeneze picha moja baada ya nyingine mpaka ziwe filamu, na hapo ndipo kadi hutoka jasho.

Jumapili moja alasiri Daktari alikwenda kumfutia vumbi mashine. Katuni alikuwa jikoni anakatakata vitunguu huku anaimba ovyo. Daktari akapeleka mkono nyuma ya kasha, akaurudisha haraka. Palikuwa na joto kali, na harufu ya plastiki iliyoanza kuungua. Akaitoa pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme kwenye kila kitu ndani ya kompyuta. Lilikuwa jepesi kama boksi la viatu vilivyokwisha kutolewa. Pawa saplai nzuri ni nzito. Hii ilikuja na kasha, ya bei ya chini kabisa, na kadi ikivuta umeme wake wote ingeiua, kama si leo basi mwezi ujao, na ikifa haifi peke yake.

Alitakiwa aite, "Kipenzi, hebu njoo uone." Alifungua mdomo. Akakumbuka friji. Alijua Katuni atajibu kwamba atanunua akipata, na mpaka apate ataendelea kuiendesha mashine hivyohivyo. Na yeye mwenyewe alikwisha kuahidi kutonunua kitu. Basi akafanya lile ambalo wanaume wasiojua kusema hulifanya: akatengeneza. Akafungua programu, akavuta kile kiasi cha umeme wa kadi kutoka asilimia mia mpaka sabini. Mpango wake ulikuwa kununua pawa saplai nzuri, kuibadilisha siku nyingine ya kufuta vumbi, na kuifungulia kadi tena, mtu asijue. Akafunika kasha, akaenda jikoni kusifu harufu ya chakula.

Kabla ya magharibi ya kesho yake, simu.

"Daktari, nimepima. Elfu nane! Wiki iliyopita si ilikuwa elfu tisa na mia saba?"

Upande wa pili ikasikika bisibisi ikiwekwa mezani.

"Haloo?"

"Nipo, laazizi. Ni joto. Siku hizi joto limezidi."

"Kwa hiyo elfu nane ni kawaida?"

"Ni kawaida."

"Hakika?"

"Hakika."

Sijui nani aliwadanganya watu kwamba uongo wa mapenzi ni mwepesi. Una uzito uleule, tofauti ni kwamba anayeubeba hajui amebebeshwa.

Katuni alimwamini. Lakini kwa kasi ile filamu isingemalizika kwa wakati, basi akaanza kuipunguza. Kwanza alitoa taa ndani ya matone. Halafu akatoa matone yenyewe, akaacha barabara iliyolowa tu. Halafu akatoa nyuzi za pindo la mtandio wa bibi, zile zilizokuwa zikitikiswa na upepo, akaacha mtandio umelala kama karatasi.

"Mvua yako iko wapi?" dada yake aliuliza, kasimama nyuma yake na futi ya kupimia shingoni.

"Nimeitoa. Mashine haiiwezi."

"Si fundi kasema mashine nzima?"

"Ni nzima. Mimi ndiye niliyetaka makubwa."

Akaimaliza hivyo. Akaitazama mara moja, akafunga skrini kwa aibu. Bado kulikuwa na siku chache kabla ya mwisho wa kupokea kazi, na akataka kumuuliza Daktari kama kuna namna yoyote ya kuongeza kasi ili airudishe mvua. Akapiga. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia hapatikani. Daktari alikuwa amekwenda mbali kufunga kompyuta kwenye shule moja ambako mtandao haufiki, na alikubali safari ile kwa sababu ujira wake ungetosha pawa saplai nzuri. Hilo Katuni hakuambiwa. Aliambiwa tu, "Naenda kazini, kipenzi, nitarudi."

Akalibeba kasha mpaka jengo la kompyuta. Kibanda cha Daktari kilikuwa na kufuli. Jirani yake, fundi waliyemwita Spika kwa mdomo wake usiopumzika, akampokea kwa mikono miwili.

"Lete, dada, lete! Hapa hospitali haifungwi." Akaiwasha, akabofya hapa na pale, akapiga mluzi. "Nani anakutengenezea hii?"

"Daktari."

"Basi daktari wako kamfunga mgonjwa kamba. Ona. Asilimia sabini. Na hii haijibani yenyewe, dada yangu. Mtu amekaa hapa akaivuta kwa mkono wake."

"Haiwezekani. Labda joto."

"Joto halijui kuvuta kitufe."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Mimi sisemi kitu," alisema Spika, ambaye hakuwahi kukosa la kusema. "Ila mteja asiyepona hurudi kila wiki. Na wewe, Mungu akubariki, ni mzuri wa kurudi."

Akaifungulia mpaka mia, akapima. Elfu tisa na mia saba, alama kwa alama kama siku ya kwanza. Katuni aliitazama ile namba akahisi uso unamwaka. Aliona mvua yote aliyoitoa. Spika hakuwa mtu mbaya. Ni vile tu hakupeleka mkono nyuma ya kasha.

Nyumbani aliirudisha mvua, tone kwa tone, na taa ndani ya matone, na pindo la mtandio. Kompyuta ilinguruma mchana kutwa. Alifanya kazi huku akimchukia mtu mmoja kwa nguvu zake zote, na picha zilizotoka zilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kukitengeneza. Dada aliacha cherehani akaja kutazama. Alipomwona yule bibi anainua uso kwenye mvua, machozi yakamtoka.

Siku ya mwisho kabla ya kupeleka, mchana, kulisikika mlio kama wa balbu inayopasuka. Moshi ukatoka nyuma ya kasha. Dada akauchomoa waya ukutani kwa kitambaa alichokuwa anashona. Pawa saplai ilikufa, ikaiua kadi, ikaiua diski yenye filamu. Kilichobaki ni ile filamu ya kwanza, isiyo na mvua, kwenye flashi. Katuni akaenda kuituma kwa kompyuta ya kukodi, macho makavu. Jibu la studio lilikuja baada ya siku chache, fupi, la adabu: wazo wamelipenda, ila picha hazina uhai. Wakamtakia kila la heri.

Daktari alipofika penye mtandao alipiga, hakupokelewa. Akapiga tena njia nzima. Aliposhuka stendi hakupita kwake, alikwenda moja kwa moja, na boksi jipya zito kwapani.

Dada ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, shem..." Akasita. "Karibu. Yumo ndani."

Kasha lilikuwa juu ya meza, mgongo mweusi. Daktari alinusa tu.

"Pawa saplai," alisema. "Nani aliifungulia kadi?"

"Kumbe unajua ilikuwa imefungwa," alisema Katuni.

Alikaa kitandani na khanga mabegani, uso umepungua. Daktari akaweka boksi chini, akaongea. Aliongea kuliko alivyowahi kuongea maishani mwake: moto nyuma ya kasha, harufu, friji, ahadi, safari, boksi hili hapa. Katuni alimsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza alikuwa analia.

"Nilidhani unanibania ili nirudirudi kwako," alisema. "Nimekuwazia mabaya. Nisamehe."

"Nisamehe mimi."

Akaja akakaa karibu yake. Wakashikana mikono. Ukiwatazama kwa mlangoni ungesema yameisha, na dada, aliyekuwa anatazama kwa mlangoni, alisema hivyo moyoni na akaenda kuinjika chai.

"Tuanze upya," alisema Daktari. "Kadi nitatafuta. Filamu utaichora tena."

"Siku ile mimi nilikuwa jikoni, Daktari. Ungeniita ningesikia."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Tungegombana, ningenuna. Halafu ningejua boksi langu bovu, ningeazima mashine, ningekodi, ningefanya lolote. Wewe ukaniambia elfu nane ni kawaida."

"Niliogopa usije ukapoteza kila kitu."

"Nimepoteza kila kitu." Hakulisema kwa hasira. "Unajua nilikaa hapa natoa mvua kwa mkono wangu? Nikajiambia mashine nzima, fundi kasema, basi mimi ndiye sina uwezo. Na mpaka leo, nimeshajua ukweli wote, bado kuna kipande ndani yangu kinaamini hivyo."

Daktari akainamisha kichwa. "Nioe," alisema, akakosea hata hilo. "Namaanisha, niruhusu nikuoe. Nitakuambia kila kitu. Hata chumvi ikizidi nitakuambia."

Katuni akacheka katikati ya machozi, akampapasa shavu. "Nakupenda, mjinga wewe. Sana."

"Basi?"

"Basi siku moja utamshika mtoto wetu kipaji cha uso, useme hana homa. Nami nitamchukua mikononi mwako nimpeleke kwa jirani akampime tena. Utakuwa umekaa palepale, unaniona natoka naye. Utavumilia mara ngapi?"

Daktari akafungua mdomo amwambie haitafika huko. Akaufunga. Alitafuta neno, lolote, na kila alilolipata lilikuwa neno ambalo Katuni angelazimika kwenda kumuuliza mtu mwingine kama ni la kweli. Katuni aliona anavyohangaika, akamwonea huruma, akaondoa mkono wake taratibu.

Dada alipoleta chai alimkuta ndugu yake peke yake.